Kwa Waziri wa Biashara wa Uingereza: mashauri ya wakurugenzi yasiwekwe kiporo bila masharti

Mheshimiwa Waziri,

Mkurugenzi wa kampuni iliyofilisika akifunguliwa shauri la kuondolewa sifa, yaani kupigwa marufuku kuwa mkurugenzi, chini ya sheria ya kuwaondolea sifa wakurugenzi wa kampuni ya mwaka 1986, huku wadai wamemfikisha mahakamani nje ya nchi kwa mambo yaleyale, wakili wake huja mapema na ombi moja: shauri la Uingereza lisubiri hukumu ya huko. Tunakuomba uiagize Idara ya Ufilisi, inayoendesha mashauri haya kwa niaba yako, isilikubali ombi hilo kirahisi.

Hoja ya kusubiri inavutia. Mtu asijitetee pande mbili kwa wakati mmoja, na mahakama mbili zisije zikapingana. Lakini hukumu inayosubiriwa ina faida ndogo. Katika shauri la Bairstow, mwaka 2003, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba aliyoyabaini jaji katika kesi nyingine ya madai hayapokelewi kuwa ushahidi katika shauri la aina hii. Baada ya kungoja kote huko, mambo yatathibitishwa upya, na mashahidi wale wale, ila sasa wamesahau nusu. Chenye thamani ni nyaraka na maelezo yaliyotolewa kule, na hayo yanaweza kuombwa shauri likiendelea.

Kesi ya jinai ni jambo lingine. Hapo mtu anaweza kujitia hatiani kwa kiapo chake mwenyewe, na kusubiri kuna mantiki. Akitiwa hatiani nje, kifungu cha 5A cha sheria hiyohiyo kinakupa njia nyingine ya kumfikia.

Sheria haina marufuku ya muda ya kumzuia mtu wakati shauri lake bado halijaamuliwa. Shauri likilala, mkurugenzi anaendelea kuendesha kampuni nyingine, na marufuku ya miaka 2 hadi 15 haijaanza hata siku moja. Serikali nayo haiko salama: mwaka 2002, katika shauri la Davies, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona Uingereza imekiuka haki kwa kuchelewesha shauri kama hili, ingawa sehemu ya muda huo lilikuwa likisubiri kesi ya jinai.

Kwanza, fungueni shauri ndani ya miaka 3 tangu kampuni ifilisike. Mazungumzo ya kusubiri hayasimamishi saa, na mkichelewa mtahitaji ruhusa ya mahakama. Kisha acheni hatua za ushahidi zikamilike: siku 28 za mkurugenzi kuleta maelezo yake ya kiapo, siku 14 zenu za kujibu. Kama ni lazima kusimama, simameni hapo, maelezo yake yakiwa tayari yameandikwa. Mkurugenzi aahidi mbele ya mahakama kutoshika ukurugenzi wowote, na tarehe ya kurudi ipangwe, tuseme baada ya miezi 6, isiachwe wazi.

Kuna njia nyingine ambayo hutumika kidogo mno. Tuhuma za vitabu vya hesabu kutotunzwa au kodi kutolipwa mara nyingi hazigusi kesi ya nje kabisa. Kama hizo peke yake zinatosha kumfikisha kwenye marufuku ya miaka 6 hadi 10, ondoeni tuhuma inayogongana na mwendelee. Kuzigawa katika mashauri mawili ni kosa. Mtalipa gharama mara mbili.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji Bunge. Agizo lako kwa Idara linatosha.