Siki haitaki ukewenza

Wete, Pemba
Jumatano, baada ya Alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ama baada ya salamu, huku hatujambo, wakubwa kwa wadogo, ila mvua ndiyo imetukalia kichwani. Najua hatujaandikiana tangu Mfunguo Mosi, na lawama zako nazipokea zote, lakini tutagombana siku nyengine. Leo nina neno limenikaa kooni.

Maryam kashuka jana na boti, na hata buibui hajavua akaniambia, "Shoga yako kidogo ajiue chooni." Kumbe ulimwaga jiki kwenye sinki la choo, doa likakataa, ukaona uliongezee siki. Zuhura! Tena mlango umeufunga, na kile kidirisha cha choo chenu hata paka hapiti.

Ule moshi uliokukaba haukuwa ukali wa siki. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ikigusa unyevu wa macho, koo na mapafu huunguza. Siki ni asidi. Ndimu nayo asidi. Na ile dawa ya choo ya chupa yenye shingo iliyopinda, nyingi katika hizo zina asidi kali kuliko siki, kwa hivyo nayo isionane na jiki abadan. Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, usisimame kufikiri wala kusuza: toka, uache mlango wazi, pumua nje, osha uso na macho kwa maji mengi. Na kifua hicho usikiamini haraka. Mtu hujiona mzima, baada ya saa kadhaa kikambana. Kikibana ni hospitali, usingoje kukuche.

Wala si chooni tu. Kanzu iliyorowekwa kwenye jiki, ikasuzwa juu juu, kisha ikatiwa kwenye maji ya siki, inatoa gesi ile ile mbele ya pua yako, nawe umeinamia beseni. Ukitumia jiki leo, suza maji matatu, anika, iache ikauke. Siki ingoje zamu nyengine ya kufua.

Kwa kweli siki ichukulie kama mke asiyetaka ukewenza. Peke yake inakutengenezea nyumba. Ukimwekea mwenza, ama watapigana, ama watanuniana na kazi isifanyike. Jiki ndiye wa kupigana naye. Wa kununiana naye wako wawili, na hao ndio wanaokuharibia nguo bila wewe kujua.

Wa kwanza ni sabuni. Maryam anasema unatia siki pamoja na sabuni kwenye maji ya kwanza, ili "zisaidiane". Hazisaidiani. Sabuni ya mche imetengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Ukiitia asidi inarudi kuwa mafuta, na mafuta hayo yanakwenda kukaa wapi? Kwenye kanzu ya mumeo. Sishangai hizo kanzu zimepata rangi ya maji ya mchele. Sabuni ya unga haiharibiki kiasi hicho, lakini nayo hufanya kazi vizuri kwenye maji yaliyoelemea upande wa magadi, na siki huyavuta upande wa pili. Basi sabuni imalize kazi yake, iondoke, ndipo siki iingie.

Wa pili ni soda ya kupikia. Najua povu lake linapendeza, mtu akaona uchafu unang'oka. Lile povu ni siki na soda zinauana. Likishatulia umebaki na maji yenye chumvi kidogo, hayasafishi kitu. Soda itumie kusugulia, suza, kisha siki kama bado unaihitaji. Na bomba la sinki la jikoni lililoziba kwa mafuta ya samaki, maji ya moto na sabuni yanalifaa kuliko ndoa hiyo.

Sasa kanzu. Hapo Malindi ya Unguja maji yenu ni ya kisima kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chokaa ya maji inakamatana na sabuni na kufanya utando usioyeyuka, ndio ule unaozunguka ukingo wa beseni kama ukoko. Utando huo huo umeingia kwenye nyuzi. Nyeupe inakuwa ya kijivu, taulo linakuwa gumu kama dagaa, na buibui jeusi linaota weupe mabegani hata likiwa jipya. Kila ukizidisha sabuni unazidisha utando. Siki haing'arishi nguo, usidanganyike, haina dawa ya kung'arisha. Inayeyusha chokaa na kuupasua ule utando, basi rangi ya nguo inaonekana tena.

Fanya hivi. Fua na sabuni yako kama kawaida. Suza maji ya kwanza, ya pili, mpaka ukikamua pindo hakutoki povu. Kisha maji ya mwisho, ndoo ya lita 10, tia nusu kikombe cha chai cha siki nyeupe, kama mililita 100. Siki ya asilimia 5 ikiingia kwenye maji hayo inabaki asilimia 0.05 tu, haili nyuzi za pamba. Itie kwenye maji kwanza, ukoroge, ndipo uzamishe nguo. Usimimine juu ya nguo. Dakika 10. Kamua, anika, usisuze tena. Harufu usiiogope, inaondoka na maji yanavyokauka. Ikibaki, ujue umezidisha, au nguo ilianikwa ndani.

Kanzu zilizokwisha kuharibika hazitarudi kwa mara moja. Zipe kikombe kizima kwenye lita 5 za maji ya vuguvugu, saa moja, suza siki yote itoke, kisha fua upya kwa sabuni kidogo. Mara tatu nne utaona tofauti. Usipoiona, basi si utando, ni uzi wenyewe umechoka au jiki imeshauunguza.

Njano ya kwapa ni kesi nyengine. Jasho likichanganyika na ile dawa ya kwapa yenye madini ya alumini hugandana, na jiki huzidisha unjano. Siki na maji nusu kwa nusu, pale kwapani tu, nusu saa, suza, ndipo ufue. Kofia za viua nazo ni vivyo hivyo kwenye utepe wa ndani unaokaa kwenye paji, kwa mswaki laini, usiburure uzi. Wanga uje baada ya siki, si kabla, maana ukitia wanga juu ya utando kofia inatoka na mabaka.

Buibui ni rahisi: vijiko viwili vya chakula vya siki kwenye nusu ndoo ya maji ya kusuzia, basi. Tena lianike kivulini, ndani nje.

Ah, na khanga. Nimesikia bi mkubwa wako anasema doti mpya irowekwe siki na chumvi ili rangi ishike. Mheshimu, itikia, lakini usitegemee. Siki inasaidia rangi za sufu na hariri. Pamba haina habari nayo. Khanga inayochuja itachuja mpaka ile rangi ya ziada iishe. Ifue peke yake mara tatu za mwanzo kwa maji baridi, usiiache majini, usiikunje mbichi.

Masika haya najua nguo zenu zinavunda. Uvundo wa nguo iliyokaa mbichi siki inauweza: kikombe kimoja kwenye lita 5, saa moja kabla ya kufua, suza, kisha sabuni. Lakini vile vidoa vyeusi vya koga vilivyokwisha kuingia kwenye uzi, siki inaua baadhi ya koga na inaacha doa pale pale. Hapo nyeupe ya pamba itaka jiki, siku yake peke yake (nimeshasema, nasema tena). Kabati lifute ndani kwa siki na maji nusu kwa nusu, uliache wazi mchana kutwa. Ukilifunga likiwa bichi umeipikia koga futari.

Ukuta lakini, Zuhura, ukuta usiuguse! Umesema koga imepanda kwenye ukuta wa ngazi. Nyumba hizo za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa na kupakwa chokaa. Siki inayeyusha chokaa, ndiyo kazi niliyokuwa nikiisifu tangu juu. Utapangusa koga na plasta pamoja. Brashi kavu, hewa, na fundi atafute maji yanapoingilia.

Marumaru ya sebuleni hali kadhalika, na terrazo, na hata simenti ya baina ya vigae. Siki ikidondoka kwenye marumaru inaacha baka lililofifia, ukalisugua ukidhani uchafu, kumbe mng'aro ndio umeliwa, na haurudi mpaka fundi asugue jiwe upya. Ukiwa na shaka na sakafu, tia tone moja nyuma ya mlango na uinamishe jicho. Likitoa vipovu, hapo siki haina kazi. Likikaa kimya dakika tano, futa, angalia kama mng'aro upo, ndipo uendelee. Vigae vya kauri havina neno: nusu kikombe kwenye ndoo, kisha pitisha maji matupu.

Penye chokaa isiyotakiwa ndipo siki inapojionyesha. Birika lenu la umeme likivaa magamba meupe chini, tia maji nusu na siki nusu, lisipite kati maana litafurika, lichemshe mara moja, zima, liache nusu saa. Chungulia: vipovu vidogo vinapanda mfululizo kutoka kwenye magamba, kisha magamba yenyewe yanabanduka vipande na kuelea kama nazi iliyokunwa. Mwaga, chemsha maji matupu mara mbili, mwaga, ndio upike chai. Bomba la kuogea lililoziba matundu, lifunge mfuko wa plastiki wenye siki kwa mpira, usiku mmoja, asubuhi piga brashi.

Sufuria za alumini usiziroweke, zinatoboka vidoa. Mashine ya kufulia, vikombe viwili vya siki, izunguke tupu bila nguo, kila baada ya miezi miwili hivi; zaidi ya hapo unachosha mipira yake.

Njumu za mlango mkubwa, ikiwa ni shaba tupu isiyopakwa vanishi: kijiko cha chumvi, siki ya kuiyeyusha, unga wa ngano mpaka iwe kama uji mzito. Paka kwa kidole kwenye shaba peke yake, usichafue mti, robo saa, pangusa kwa kitambaa kibichi halafu kikavu hapo hapo, maana ukiiacha inageuka kijani. Ukwaju unafanya kazi hiyo hiyo, mimi nauona hata una adabu zaidi kwa mti.

Na doa la kutu, lile la msumari wa kamba ya kuanikia. Jiki hulizidisha. Siki hulijaribu ikachoka. Mbirimbi ndiyo yake! Ina asidi inayokamata kutu khasa. Ikamue juu ya doa, dakika 15, suza sana kabla haijakauka, rudia. Kwenye nguo ya rangi jaribu pindoni kwanza. Za hapa uani zimejaa mpaka zinaoza, nimemfungia Maryam mfuko, Ijumaa atakuletea. Nyengine utie achari, usizimalize zote kwenye kanzu.

Nami nina haja kwako. Nitafutie siki nyeupe chupa tatu huko Darajani, huku zilizopo ni za kahawia na kwenye nguo nyeupe zinaacha rangi. Soma lebo, nataka iliyoandikwa asilimia 5. Usiniletee ya tembo la mnazi hata akusifie nani. Kwenye kachumbari naipenda, kwenye nguo hujui imefika ukali gani. Na muuzaji akikupa kidumu cha asidi kali ya kuzimua mwenyewe mrudishie, ile inaunguza ngozi, na wewe na vidumu nimeshakujua.

Sasa nijibu. Kifua vipi, kikohozi kimeisha au unaficha? Usiku unalala chali? Ile chupa ya jiki bado iko rafu moja na siki, au umeitenga? Kanzu za bwana ni pamba au zile za nailoni? Mashine ni ya mlango wa mbele au wa juu? Sebule umeshaipiga siki au nimewahi? Na harusi ya kwa kina Salma ni mwezi huu au ndio mpaka tumalize Mfunguo Tatu, maana hapa kila mtu na tarehe yake? Bi mkubwa nisalimie, ila ya khanga usimsomee.

Maryam anabisha hodi, anataka bahasha.

Wasalaam,
shoga yako Mwanaisha