Mheshimiwa, kabla ya kutukamata, waite matajiri: barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Barua hii ningeileta ofisini kwako kwa mkono, kama ile ya mwezi wa tatu, lakini ile iligongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nisubiri nitapigiwa, na simu yangu mpaka leo iko hewani. Safari hii naiweka wazi. Aisome kila mwenye macho, nawe ukipata nafasi usome.

Jumatatu ulizungumza na waandishi wa habari kuhusu msiba wetu. Kijana wetu wa kijiweni, dereva wa bodaboda kama mimi, aligongana uso kwa uso na lori kwenye mteremko wa kwenda mizani ya malori, jioni, akiwa na abiria. Abiria yuko wodini, mguu umefungwa vyuma. Kijana tumemzika. Wewe ukasema bodaboda wanakufa kwa kupenda sifa, wanakimbia kama wanafukuzwa, na kwamba kuanzia Jumanne hakuna huruma.

Hilo la huruma umelitimiza. Jumanne asubuhi difenda ya polisi ilipita vijiweni, na hivi ninavyoandika pikipiki zimerundikana nyuma ya kituo cha polisi mpaka mtu hana pa kupenya. Jumatano kijana mmoja, akiikimbia hiyo hiyo difenda, alikatiza barabara kuu bila kuangalia kulia wala kushoto, basi likamkosakosa. Operesheni ya usalama barabarani hiyo.

Ila hilo la kufukuzwa, Mheshimiwa, naomba tukae nalo. Maana ni kweli tunafukuzwa. Hukuuliza tu na nani.

Pikipiki nyingi unazoziona hapa mjini si za wanaoziendesha. Zina matajiri, ndio wenye mali. Dereva anapewa chombo kwa makubaliano ya mdomo: ama alete hesabu, yaani pesa ya tajiri ya kila siku, na chombo kibaki cha tajiri milele, ama aingie mkataba, alete shilingi 10,000 kila siku kwa mwaka na ushee, halafu kadi ya pikipiki ibadilishwe jina. Na kila siku maana yake kila siku. Jumapili imo, Idi imo, siku ya mvua imo, siku mtoto amelazwa imo. Ukikosa unaandikiwa deni. Deni likifika siku tatu, nne, tajiri anakuja na ufunguo wa akiba, anawasha, anaondoka na miezi yako yote uliyolipa, nawe huna karatasi ya kumpeleka popote.

Safari ya hapa mjini ni 1,000. Kwenda mizani, kilomita 6, ni 2,000 kama abiria hajaanza kulia shida. Petroli nayo bei yake unaijua. Mpaka saa nane mchana dereva anamfanyia kazi tajiri na kituo cha mafuta. Kinachoingia baada ya hapo ndicho unga, ndicho kodi ya chumba, ndicho ada.

Na mwendo una bei yake. Kilomita 6 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inauruhusu kwenye makazi ya watu, ni dakika saba na sekunde chache. Kwa 80 ni dakika nne na nusu. Wataalamu mnaotuletea kwenye semina wanasema hizo karibu dakika tatu si kitu. Kwa mwenye mshahara ni kweli si kitu. Kwa mtu wa safari ishirini kwa siku ni karibu saa nzima, na saa nzima ni vichwa vinne au vitano. Nalisema hili bila kificho kwa sababu kila kampeni inatuimbia kwamba kukimbia hakuna faida, na kila dereva anayesikiliza anajua si kweli. Faida ipo, jioni unaihesabu mfukoni. Hasara ndiyo huioni, mpaka siku inakuja yote kwa mkupuo.

Hasara yenyewe tunaijua kuliko mnavyodhani. Kwa 50 unakula mita 14 kila sekunde. Kwa 80 unakula 22. Ile sekunde ya kushtuka tu, mguu haujagusa breki, mita 22 zimekwisha na hujafanya lolote. Ukishika breki, nafasi unayohitaji mpaka chombo kisimame ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya mwendo wa 50, na hapo tairi liwe na meno na lami iwe kavu. Kwetu huku asubuhi ni ukungu. Barabara ni hii hii ya TANZAM, ya kwenda Zambia, malori yanashuka na kupanda ya Tunduma usiku na mchana, na kila penye mlima lami imelowa oili. Lori la mafuta likikupita, upepo wake peke yake unakuhamisha njia. Hatuhitaji kufundishwa kuogopa, Mheshimiwa. Tunaogopa kila siku, na bado tunakanyaga.

Kwenye semina tulisomewa pia kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 barabarani kwa mwaka mmoja. Niliikumbuka takwimu hiyo makaburini. Haikunisaidia.

Baada ya maziko nililishika daftari la marehemu. Daftari la shule, lina alama za vidole vya grisi pembeni. Kila ukurasa kaupiga mistari kwa rula: tarehe, hesabu, sahihi ya tajiri. Wiki ya mwisho tarehe zote zipo, sahihi zina mapengo. Pembeni, kwa kalamu nyekundu na kwa mwandiko usio wake, pameandikwa: "deni 24,000, mwisho Ijumaa". Alikufa Ijumaa. Sikuwepo pale mteremkoni na siwezi kuapa ni nini kilimpeleka upande wa lori. Huenda breki, huenda jua la jioni lilimpiga usoni, huenda abiria alimwambia "kaka kanyaga, nimechelewa", kama wanavyotuambia wote. Lakini mimi naamini ni ule wino mwekundu, na hakuna wa kunitoa hapo.

Tajiri wake alifika msibani. Alitoa rambirambi, tunamshukuru. Matanga hayajaanuliwa akamtuma mtu kuulizia kadi ya pikipiki na kile alichokiita "kilichobaki". Mjane naye ameshaelezwa kwamba bima iliyokatwa ni ile ndogo, ya kumlinda mtu wa tatu. Dereva mwenyewe akifa, bima hiyo haimjui.

Sasa tazama dawa uliyotuletea. Mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Tulishangilia. Lakini 10,000 ndiyo hesabu ya siku. Anayeandikiwa leo, kesho anaamka anadaiwa 20,000. Na pikipiki ikilala kituoni, hesabu hailali. Inaendelea kuandikwa, tajiri hana habari na operesheni yako. Siku kijana akiitoa atakuwa na deni la siku zote zile, na faini, na hesabu ya siku yenyewe. Mtu huyo akishika usukani atakwenda 50? Ungekwenda wewe?

Sisemi wapenda sifa hawapo. Wapo. Wapo wanaotoboa eksozi mtaa mzima usilale, wanaong'oa saiti mira eti zinaharibu muonekano, wanaolalia tenki usiku barabara ikiwa tupu. Mishikaki ya abiria watatu inapita mchana kweupe mbele ya trafiki, na trafiki anaangalia simu. Hao kamata, na nitakuonyesha wanapokutana. Marehemu hakuwa mmoja wao. Alikuwa na leseni daraja A, saiti mira zote mbili, na elementi, kofia ngumu, aliyoinunua kwa pesa yake. Ya abiria alikuwa nayo pia, ila abiria wetu hawaitaki: dada kasuka, kaka anaogopa mba. Kigali abiria hapandi pikipiki bila kofia, na sijasikia mji umeingia mba. Lakini hilo tutaliongea siku nyingine, nisije nikakupa pa kukwepea.

Mimi mwenyewe natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa nne usiku. Mgongo umekwisha. Macho yanawasha vumbi na upepo. Nikipata homa namwita deiwaka, dereva wa kushikilia kwa siku, aendeshe, siku hiyo nalala na homa yangu huku tajiri na deiwaka wanagawana, mimi sipati hata ya panadol. Baada ya magharibi mtu unaona taa ya lori inakuja na akili inachelewa kukwambia iko umbali gani. Unajua kabisa ungetakiwa kulaza chombo. Halafu unahesabu zilizopo mfukoni, zimepungua elfu tatu, unamsogelea abiria. Mke wangu akisikia ajali redioni anapiga simu kwanza, ndipo anasikiliza jina la mji. Hayo nayo ni sifa?

Nakukumbusha kwa heshima. Siku ya kuzindua wiki ya usalama barabarani ulituita maafisa usafirishaji, tukapiga makofi. Ukasema pale mteremkoni mabega ya barabara yatapanuliwa, pikipiki isigombanie lami na lori. Ukasema mafunzo yanakuja. Na ukasema, kwa kinywa chako na kipaza sauti mkononi, kwamba utakaa na wamiliki wa pikipiki ndani ya mwezi mmoja. Mafunzo tulipata, nusu siku na soda. Viakisi mwanga tulipata, vina jina la mtu mgongoni, na mtu huyo sasa hapokei simu. Elementi zililetwa chache, zikaishia kwa waliokaa mstari wa mbele penye kamera. Mabega ya barabara yana bajeti na yana wakubwa wake, hilo nakusamehe. Kikao na matajiri hakina bajeti. Hakihitaji lami wala mkandarasi. Kinahitaji barua kutoka ofisini kwako yenye tarehe na saa.

"Haraka haraka haina baraka," ulituambia siku ile, watu wakacheka. Hesabu nayo haina subira, na hakuna aliyeipandisha jukwaani ikaonywe.

Labda kikao hakiitishwi kwa sababu matajiri si watu wa mbali. Nakisia tu. Wengine ni walimu, wengine wana maduka, wengine wanavaa sare, na wengine siku ya uzinduzi walikaa meza kuu. Kumiliki pikipiki si dhambi. Najua baadhi yao wamekopa ili wainunue, na wao wana mtu anayewafukuza. Simchukii tajiri. Ninachokataa ni ajali ya watu wawili, dereva na tajiri, kubebeshwa mtu mmoja, tena yule aliyekwisha kufa.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Waite matajiri. Mkataba uandikwe mbele ya mtendaji wa kata, dereva abaki na nakala. Leseni ya usafirishaji ya bodaboda iko chini ya utaratibu wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Mmiliki anapokuja kuifuatilia, aulizwe mkataba wa dereva wake uko wapi. Pikipiki ikiwa kituoni, au dereva akiwa hospitali, hesabu isimame. Aliyelipa zaidi ya nusu asinyang'anywe chombo kwa deni la siku tatu. Na kwa wiki iwepo siku moja ya kupumzika na kufanya sevisi, isiyo na hesabu.

Naona nimesema moja nikataja nyingi. Basi hizo nyingine ziweke kwenye faili pamoja na barua ya mwezi wa tatu. Nipe hiyo ya mwisho tu, siku moja kwa wiki isiyo na hesabu. Siku moja ambayo mtu akiona kiza kimeingia anaweza kulaza chombo akaenda kulala bila deni. Waite, uwaambie hilo moja. Wakikataa, tutajua wamekataa. Kwa sasa hatujui hata kama wameulizwa.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kijiweni, sisi ambao pikipiki zetu bado hazijabebwa. Njoo, au mtume mtu mwenye mamlaka ya kujibu. Soda tutanunua wenyewe. Yeye aje na tarehe ya kikao.

Jina langu nimelificha, si kwa kukuogopa wewe. Chombo si changu, na leo bado sijapeleka hesabu.

Wako mtiifu,

Dereva wa bodaboda, kijiwe cha stendi ya zamani