Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu warsha zetu zilijikita katika michoro ya Sybil Wettasinghe, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto wa Sri Lanka, aliyezaliwa Gintota, karibu na Galle, mwaka 1927 na kufariki 2020. Hakusomea uchoraji chuoni. Sybil akiwa na miaka 15, H. D. Sugathapala, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Royal, Colombo, alimkabidhi kazi ya kuchora picha za kitabu chake cha kusomea Kisinhala, Nava Maga cha darasa la tano. Baadaye alichorea magazeti, na Kuda Hora, hadithi yake ya mwizi wa miavuli, ikatoka kama kitabu mwaka 1956.

Hadithi hiyo ndiyo tuliyoifanyia kazi zaidi. Mjomba anayenunua miavuli mjini huibiwa kila akirejea kijijini, na mwishowe mwizi anagundulika kuwa ni tumbili. Wachoraji wengi wapya humchora tumbili mapema, kwa kuwa ndiye anayevutia. Wakifanya hivyo, mtoto hana sababu ya kufungua ukurasa unaofuata. Picha isitangulie maneno.

Kosa la pili ni la nafasi. Konsonanti ya Kisinhala hubeba sauti ya "a" yenyewe; alama ya "i" hukaa juu yake na ya "u" huning'inia chini au pembeni. Tawi la mti likigusa mstari wa maandishi, alama ya juu humezwa, na "ki" husomeka "ka". Kwa darasa la kwanza hilo ni kosa la kitabu, wala si la mtoto. Acheni angalau milimita 5 kati ya mchoro na maandishi, na msiruhusu herufi juu ya mandhari yenye mistari mingi.

Kuhusu uchapaji: chora kwa ukubwa wa mara moja na nusu. Ukipunguzwa kurudi saizi ya kitabu, mstari wa milimita 0.3 hubaki 0.2, mwembamba zaidi ya hapo hukatika kwenye karatasi ya bei nafuu. Tumieni wino mweusi usioyeyuka majini, ukauke kabisa kabla ya rangi ya maji, la sivyo unasambaa na kuchafua nyuso. Mistari iskaniwe peke yake, nukta 1200 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu. Ukiiskani pamoja na rangi, kingo huchapwa kama vumbi. Maandishi yawe ya wino mweusi mmoja. Yakichanganywa rangi nne, sahani ya kuchapia ya rangi mojawapo ikisogea kidogo tu, herufi huonekana mbili mbili.

Mhazini atasoma hesabu. Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza ada ya warsha igharamie kurasa za majaribio zinazochapwa kwenye karatasi ileile ya vitabu vya shule, kwa sababu karatasi nyeupe nzito ya studio imetudanganya vya kutosha. Pendekezo hilo litapigiwa kura leo, pamoja na uchaguzi wa wajumbe wawili wa kamati ya michoro.