Mzazi mzoefu naye yumo hatarini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwasemee wajawazito wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, hasa vile vya kusini mwa Kigoma ambako njia ya kwenda hospitali ni maji.

Familia nyingi huku humhangaikia binti mwenye mimba ya kwanza, nazo hazikosei, kwa kuwa msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa huweza kupata uchungu pingamizi, yaani mtoto kushindwa kupita, na kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Lakini mama wa watoto sita akiingia mwezi wa tisa huachwa aendelee kuteka maji na kuanika dagaa, wakwe wakisema, “Huyu ameshazoea.” Kauli hiyo ndiyo inayonitia hofu. Kuanzia uzazi wa tano, mfuko wa uzazi huweza kushindwa kujikaza vizuri baada ya kondo kutoka, na mishipa iliyokuwa ikilisha kondo hubaki wazi ikivuja. Ikiwa mama huyo tayari ana upungufu wa damu kutokana na malaria, au kwa kuzaa mfululizo bila kupumzika walau miaka miwili, damu ambayo mwenzake angeistahimili yaweza kumwua. Nusu lita huhesabiwa kuwa nyingi, lakini ikinyweshwa kanga mbili wala haishtui mtu.

Mambo haya, pamoja na upasuaji wa awali, mapacha na presha, muuguzi huyaandika kwenye kadi ya kliniki, kadi ambayo waume wengi (na ndio wenye fedha ya mafuta ya boti) hawajawahi kuifungua. Hata hivyo, asiye na kihatarishi chochote asijione amesalimika, maana wengi wanaotokwa na damu baada ya kujifungua hawakuwa na dalili ya kutabirika. Kwa hiyo kila mmoja ajifungulie kituoni, penye mkunga na sindano ya oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi ili damu isitoke nyingi, iliyotunzwa kwenye jokofu.

Ninaziomba halmashauri zetu zijenge nyumba za kusubiria kujifungua karibu na vituo vyenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza, ili wenye vihatarishi wahamie huko majuma machache kabla ya siku zao kutimia. Boti ya wagonjwa ni msaada mkubwa, ila msimu wa kusi, ziwa likichafuka usiku, hakuna nahodha mwenye akili timamu atakayeing’oa nanga.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma