Daftari la michango ya mbunge nalo lisomwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo halijanitoka akilini tangu tulipovunja kamati ya harusi ya kijana wa jirani yangu hapa Pasua. Mweka hazina wa kamati, binti mwenye sauti ndogo, alifungua kaunta buku akasoma jina moja baada ya jingine: huyu aliahidi laki moja akatoa elfu sabini, yule alileta kreti mbili za soda, mwingine alilipia turubai na viti. Usomaji ulichukua karibu saa nzima na hakuna aliyenyanyuka, kwa kuwa sisi watu wa Moshi tunajua kwamba mchango wa harusi ni deni, na kwamba familia ile itatakiwa kuurudisha siku waliochanga nao watakapoozesha.

Nilikuwa mweka hazina wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kwa miaka 14, na masikio yangu yamezoea hesabu zinazosomwa hadharani, tena mbele ya watu wenye hasira. Ndiyo maana nikiwa pale kikaoni nilijiuliza: mbona mtu anayeomba kwenda Dodoma kutunga sheria na kupitisha bajeti ya nchi hatusomewi daftari la waliomchangia fedha za kampeni?

Habari za asili yake tunazitafuta kwa bidii, pengine kupita kiasi. Akitangaza nia tu, siku ya pili mji mzima unajua kama ni wa Kibosho, Machame, Old Moshi au Marangu, alisoma shule gani, na baba yake alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha ukubwa gani. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 67, haidai mengi: awe raia mwenye umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama kilichompendekeza. Mwenye simu anaweza kufungua tovuti ya Bunge akasoma elimu na kazi alizowahi kufanya mbunge, pamoja na idadi ya maswali aliyouliza na michango aliyotoa. Idadi hiyo ina faida yake, ila haisemi aliuliza nini; mtu anaweza kuuliza maswali 20 yote ya barabara moja. Anayetaka undani asome Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kazi ambayo nakiri nimeifanya mara mbili tu maishani.

Vipaumbele navyo tunavisikia, maana ndiyo nyimbo za jukwaani: stendi ya Ngangamfumuni, Moshi kuwa jiji, bei ya kahawa, viwanda vilivyofungwa. Sivibezi. Hata hivyo kipaumbele cha kweli cha mbunge huonekana mwezi wa Juni, Muswada wa Sheria ya Fedha unapojadiliwa na mtu akalazimika kuchagua kodi gani aitetee na ipi ainyamazie. Hapo ndipo swali la fedha za kampeni linapoingia, kwa sababu aliyelipia magari ya matangazo anaweza kuwa muagizaji wa sukari, mkandarasi wa barabara au mnunuzi wa kahawa kwenye mnada wetu wa hapa Moshi, na masilahi ya mnunuzi wa kahawa na ya mkulima wake hayajawahi kuwa kitu kimoja. Tumezoea kumsikia mbunge akisema, “Mheshimiwa Spika, naomba nitangaze masilahi,” kabla ya kuchangia hoja inayogusa biashara yake. Sijawahi kumsikia hata mmoja akitangaza masilahi ya aliyemchangia.

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea aeleze fedha alizonazo na anazotarajia kuchangiwa, inampa waziri kazi ya kuweka ukomo wa matumizi kwa kuangalia mambo kama ukubwa wa jimbo na idadi ya watu, na inagusa hata mchujo wa ndani ya vyama, ambako kila mtu anajua wajumbe huamka na bahasha. Baada ya uchaguzi, chama hupewa siku 180 kupeleka marejesho ya gharama kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kabla ya sheria hiyo tulikuwa na takrima, yaani ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, ambayo Bunge liliiingiza katika Sheria ya Uchaguzi mwaka 2000 kwa jina zuri la ukarimu wa Kiafrika, mpaka Mahakama Kuu ilipoitupa mwaka 2006 katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wawili. Kwa hiyo tumetoka mbali. Lakini marejesho yanapanda kwenda kwa Msajili, na mimi ninayepita kila wiki mbele ya mbao za matangazo za kata na za manispaa sijawahi kuyaona yakishuka.

Katika kampeni moja ya miaka ya nyuma nilisimama kituo cha mafuta nikahesabu bodaboda 43 kwenye foleni, kila dereva ameshika kijikaratasi chenye muhuri. Akikitoa, anajaziwa lita mbili na kuungana na msafara. Nilimuuliza kijana mmoja ninayemfahamu karatasi ile imetoka kwa nani. Akanijibu, “Mzee, mimi wa mafuta namjua, wa karatasi simjui.”

Nilipopiga kura kwa mara ya kwanza, mwaka 1985, wagombea wawili wa ubunge walipewa alama za jembe na nyumba, chama ndicho kiliandaa mikutano, nao walisimama jukwaa moja wakasikilizwa kwa zamu. Siutamani mfumo ule, kwa sababu nani awe jembe na nani awe nyumba iliamuliwa vikaoni, mbali na sisi. Ila gari lililowaleta tulijua ni la nani. Baadaye tulikuja kuwa na marehemu Philemon Ndesamburo, aliyetuwakilisha Moshi Mjini kuanzia 2000 hadi 2015. Watu walimwita Ndesa Pesa, na biashara yake ya hoteli ilijulikana na kila mtu. Mtu unaweza kumpinga kwa siasa zake, lakini fedha yake ilikuwa na anwani.

Najua kuna hoja nzito upande wa pili. Mfanyabiashara mdogo aliyemchangia mgombea wa chama kisicho madarakani anaweza kuogopa kwamba jina lake likibandikwa, leseni yake itaanza kucheleweshwa, na hofu hiyo haitokani na ndoto. Ndiyo maana sisemi kila jina lisomwe. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni aliyetoa elfu tano aachwe na siri yake. Ninaomba kiwekwe kiwango, mathalani milioni tano, na anayekivuka, awe mtu au kampuni, wa chama chochote kile, jina lake na kiasi alichotoa vibandikwe katika ofisi ya kila kata ya jimbo husika, kama orodha ya wapiga kura inavyobandikwa, kwa muda wa mwezi mmoja. Mwenye uwezo wa kutoa milioni tano kwa mpigo ana uwezo pia wa kueleza kwa nini ametoa.

Wewe nawe, Mhariri, nakuomba umtume mwandishi wako wa Kilimanjaro aende kwa Msajili akaombe marejesho ya wagombea wote wa majimbo ya mkoa wetu, walioshinda na walioshindwa. Akipewa, yachapeni hata kama yatajaza kurasa tatu. Akinyimwa, chapeni barua atakayojibiwa.

Mweka hazina mstaafu wa chama cha msingi,
Pasua, Moshi.