Kuokota kombe si kumpa jina

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa sayansi habari fupi kuhusu kombe mdogo, mnyama wa magamba mawili, wa bahari ya baridi, ambaye mwandishi alieleza kuwa "amegunduliwa" siku ileile alipotolewa majini. Kumtoa kombe baharini ni kazi ya siku moja, lakini kumfafanua kama spishi mpya ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo iliyokosekana katika habari yenu.

Kombe wa milimita tano hatambuliki kwa macho matupu. Mtaalamu huyatenganisha magamba yake mawili na kuichunguza bawaba, yaani mahali yanapoungana, chini ya hadubini: ina meno mangapi, yameelekea upande gani, na kano inayoyasukuma magamba kufunguka imekaa ndani au nje. Kisha hutazama kilele cha gamba, mahali linapobaki gamba la kwanza kabisa la uchanga wake. Kidoa hicho, ambacho pengine hakifiki ukubwa wa chembe ya mchanga, hueleza malezi ya mnyama mzima, kwa kuwa kikiwa kikubwa huashiria kwamba yai lilikuwa na akiba nyingi ya chakula au kwamba mtoto alilelewa na mzazi, wala hakuelea baharini kwa majuma akijitafutia riziki.

Mfano mzuri ni Lissarca notorcadensis wa bahari ya Antaktiki. Kombe huyu hujishikiza kwa nyuzi zake kwenye miiba ya mnyama mwingine, ndugu wa wale wenye miiba ambao wavuvi wetu huogopa kuwakanyaga maji yanapokupwa, na watoto wake huwalea ndani ya magamba yake mwenyewe. Alikusanywa na msafara wa Waskoti wa meli ya Scotia, uliofanyika kati ya 1902 na 1904, lakini jina alipewa mwaka 1907 na wataalamu wa kombe Melvill na Standen, ambao walilitoa kwenye visiwa vya South Orkney.

Anayetaka kutoa jina jipya hana budi kwanza kuthibitisha kwamba halijatolewa jingine kwa mnyama yuleyule, na hapo ndipo miaka inapopotea, maana majina ya wanyama huhesabiwa tangu 1758, na kielelezo cha kulinganisha, yaani mnyama halisi aliyehifadhiwa, huenda kimo katika droo ya makumbusho ya nchi nyingine. Zaidi ya hayo, kanuni za kimataifa zinadai kwamba jina la spishi lililochapishwa baada ya 1999 litaje waziwazi kielelezo ambacho jina hilo limefungamanishwa nacho. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kwa wastani, kielelezo cha spishi mpya hukaa takriban miaka 21 tangu kukusanywa hadi kufafanuliwa.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya huko kwenye barafu tu. Ukishuka mita 2,000 katika Bahari ya Hindi, maji ni baridi kama ya ndani ya jokofu, hata kama juu yake mtu anaoga kwa raha. Meli ya Kimisri iitwayo Mabahiss ilizifanyia utafiti bahari hizi mwaka 1933 na 1934, ikafika hadi maeneo ya Zanzibar, nayo ilivua wanyama wa vilindini. Taarifa ya Jørgen Knudsen wa Denmark kuhusu kombe wa kina kirefu waliopatikana katika safari hiyo ilitoka mwaka 1967. Mtoto aliyezaliwa meli ikiwa Zanzibar alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu wakati huo.

Kwa hiyo naomba, habari ya namna hii itakapokuja tena, mtuambie kombe huyo alitolewa kina gani, alitofautishwa na spishi zipi za jirani na kwa alama gani, na kielelezo chake kimehifadhiwa wapi. Naomba pia picha iwe yake. Ile mliyoichapisha ilikuwa ya chaza mkubwa wa kuliwa, amefunguliwa juu ya sahani, na kando yake pana kipande cha ndimu.

Mwalimu mstaafu wa Biolojia,
Tanga