Kingamwili ya maabara siyo dawa ya TB

Mhariri, habari za kazi. Mi nafanya kazi maabara hapa Mbeya, naomba nafasi kidogo kuhusu hii habari ya kingamwili ya TB inayozunguka kwenye simu za watu na wanasema eti dawa imepatikana. Jamani siyo dawa. Hizi kingamwili za maabara asili yake ni panya au sungura, anachomwa protini ya mdudu wa TB, mwili wake unatengeneza kingamwili za kuikamata ile protini, alafu zinasafishwa na kuwekwa kwenye kichupa kilichoandikwa kwa utafiti tu. Kazi yake ni kunasa hiyo protini, basi, hakuna mgonjwa anayemezeshwa.

Sisemi hazina maana, zinatusaidia sana. Kuna protini inaitwa MPT64, mdudu wa TB anaitoa nje akiwa anaota. Ukiotesha makohozi unaweza kusubiri hata wiki sita, na kilichoota si lazima kiwe TB maana ana ndugu zake wanaoishi kwenye udongo na maji, na ukiwapaka rangi nao wanakuwa wekundu vilevile kwenye hadubini. Hapo unadondosha matone ya kilichoota kwenye kikanda chenye kingamwili ya MPT64, unakaa kama robo saa unakodolea macho, mstari wa pili ukitokea ujue ni kundi la TB. Usipotokea mara nyingi ni hao ndugu zake, na wengi wao hawafi kwa dawa zilezile za TB za miezi sita.

Sasa kinachoniuma ni wanaochukua hilohilo jina la kingamwili kufanyia biashara. Mdogo wangu alitoka machimbo Chunya anakohoa, akaingia duka moja hapa mjini akatobolewa kidole, akaambiwa huna TB, akarudi zake shimoni kwenye vumbi na kulala chumba kimoja na wenzake, tulipokuja kumpeleka hospitali akapimwa makohozi TB ikaonekana na alishakonda vibaya. Kile kipimo cha dukani hakitafuti mdudu, kinatafuta kingamwili za mgonjwa mwenyewe kwenye damu. Aliyeambukizwa zamani kinaweza kumwita mgonjwa, na mwenye VVU ambaye kinga imeshuka kinaweza kumwambia mzima! Shirika la Afya Duniani lilishasema toka 2011 vipimo vya damu vya namna hiyo visitumike kupimia TB, lakini watu bado wanalipia hela yao wakati hospitali za serikali dawa za TB ni bure, na mashine ya GeneXpert inatoa majibu ya makohozi kwa kama masaa mawili.

Mhariri, NIMR Mbeya, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wapo hapahapa na wanatafiti TB miaka mingi, waandishi wenu wapite kule kuuliza kabla hamjaandika neno tiba kwenye kichwa cha habari. Na wakaguzi wa maduka ya dawa nao waingie Mwanjelwa na Chunya waulize hivyo vipimo vya damu vinauzwa kwa kibali gani.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya